Kaniwashia mashine mkono umo ndani, kisha ananuliza "Kwani umekufa?"

Mchomavyuma_Mtoni:

Nimerudi nyumbani sasa hivi, hata kukoga sijakoga, mkono wa kulia bado unatetemeka, naandika kwa wa kushoto. Asinambie mtu nitulie. Leo situlii.

Mnamjua. Jina silitaji kwa sababu nyote mnamjua, na nusu yenu mshafanya kazi kwake mkakimbia. Yule wa kuzungusha funguo za gari kidoleni. Yule ambaye mashine ikiharibika ni mkono wa fundi, ikitengemaa ni akili yake yeye.

Kanunua fida, kile kisanduku cha kusukuma waya wa kuchomea vyuma, mtumba, imekuja na boti kutoka Dar. Kheri. Mashine yetu ni ile kubwa ya zamani, miaka yote tunachomea vijiti, lakini ina selekta: vijiti au waya. Nikaambiwa mie ndo nifunge. Nikazima mashine, nikateremsha na breka ya ukutani, nikangoja dakika kadhaa umeme uliobaki ndani uishe, nikapaza sauti: "Jamani nafunga, asiguse mtu!" Vijana watatu wakaitika. Nikapiga brashi taminali, pale kebo inapofungwa, mpaka ikang'ara, maana hewa yetu hii ya chumvi mnaijua, lagi, kile kichwa cha kebo, ikikaa na kutu inapata joto mpaka kebo inaungua. Nikapachika kebo nene kwenye chanya, waya wetu ni wa gesi. Nimekaza nusu. Goti nimeliegemeza meza ya chuma, na kibanio cha arthi kimeuma meza hiyo hiyo. Jasho chapachapa, masika haya.

Akaingia. Salamu hakutoa. "Mbona mashine imezimwa, mnalala?" Akapandisha breka. Akawasha mashine. Selekta iko kwenye vijiti!

Ikiwa kwenye vijiti taminali zina umeme papo hapo, hazingoji mtu abonyeze kitu. Volti 80 hivi zikaingia mkononi zikatokea gotini. Nilipiga ukelele wakausikia Chumbe! Spana ikaniponyoka ikalalia taminali na meza, PAA! Ninayo hapa mbele yangu, namba 17, ubavu umeliwa kama biskuti iliyong'atwa na panya, na pale palipoliwa chuma kimeganda mfano wa shanga nyeusi.

Sasa sikilizeni. Mie niko chini, sakafuni. Yeye kasimama na funguo zake. Kanitazama. Kasema:

"Kwani umekufa?"

Pole hakuna. Samahani hakuna. Kwani umekufa! Na mteja yupo, na vijana wote wapo, na muuza kahawa kasimama mlangoni na dele lake. Mtu mzima na watoto wangu naulizwa kama nimekufa, kama kwamba nilichelewa!

Kijana_wa_Fuoni: Pole sana kaka. Alicheka au hakucheka?

Mchomavyuma_Mtoni: Hakucheka! Angecheka ningejua ni binadamu. Aliuliza hasa, akangoja jibu!

SpanaKumi: Breka ulitia kufuli? Mtu anayefunga anatia kufuli lake, ufunguo anaweka mfukoni mwake. Kupaza sauti ni kazi ya muadhini.

Mchomavyuma_Mtoni: Kufuli liko moja karakana nzima, nalo kafungia friji ya soda.

Bi_Mkubwa_Jang'ombe: 😂😂 Ukelele wa Chumbe ndo ule? Mie nikadhani honi ya boti.

Mchomavyuma_Mtoni: Cheka dada, lakini kesho wale vijana ndo watakaopitisha waya. Fida ikishafungwa, ukibonyeza bunduki unaopata moto si ncha peke yake, ni waya wote, rola, mpaka roli lenyewe la waya. Mmoja ana miaka kumi na minane. Atambonyezea mkono wake umo kwenye rola, kisha amuulize naye kwani kafa?

Fundi_Wete: Mie sijafahamu hapo kwenye chanya. Yangu nafunga hasi na inachoma vizuri.

SpanaKumi: Waya wako una unga ndani na gesi hutumii. Ule mwingi wake ni hasi. Waya mtupu wa gesi ni chanya. Soma boksi. Na selekta ipelekwe upande wa waya kabla ya kuchoma.

Fundi_Wete: Na huo wa gesi pia nafunga hasi.

SpanaKumi: Basi ndo maana mageti yako yanafunguka kwa teke.

Fundi_Wete: Geti langu gani? Njoo Wete ulipige teke, urudi Unguja na mguu mmoja!

Mchomavyuma_Mtoni: Jamani. KWANI UMEKUFA. Hivyo ndivyo alivyosema.

Kiza_Kinene: Wewe shukuru huo umeme wa kukurusha umeupata. 2008 tangu mwezi wa tano mpaka wa sita Unguja nzima kiza, samaki wanaoza, maji hakuna. Mbona hatukufungua nyuzi?

Bi_Mkubwa_Jang'ombe: Na ule wa mwishoni mwa 2009! Miezi mitatu, tumeingia 2010 na vibatari. Nguo zangu mpaka leo zinanuka mafuta ya taa.

Fundi_Wete: Sie Pemba hatukuwemo. Tulikuwa na majenereta yetu Wesha.

Kiza_Kinene: Msitambe, na nyie mwaka huo huo wa 2010 mkaletewa kebo ya baharini kutoka Tanga.

Fundi_Wete: Tumeletewa, hatukuomba.

Mchomavyuma_Mtoni: Nimesema mkono bado unatetemeka.

Kijana_wa_Fuoni: Nenda hospitali kaka, umeme ukipita mwilini haulalwi nao. Lakini kwenye majenereta hapo mmenigusa. Langu jirani aliazima, eti siku mbili, ana harusi. Huu mwaka wa pili. Harusi imeshazaa mtoto, jenereta bado liko kwake, na usiku likinguruma nalisikia nikiwa kitandani kwangu, gizani!

Bi_Mkubwa_Jang'ombe: ASTAGHFIRULLAH. Na mafuta anatia nani?

Kijana_wa_Fuoni: Juzi kaja kuniomba.

SpanaKumi: Wewe fungua uzi wako, sote tunakuja.