MJADALA: Kijana wa Kusini, kura ya kijiji unamwachia nani?

Wadau wa Mtwara na Lindi, kuna jambo limenikaa rohoni. Juzi hapa Newala, dereva bodaboda wa rika langu aliniambia: "Kaka, mimi kura basi. Mwaka 2013 tulikataa gesi isiondoke Mtwara, bomba likajengwa mpaka Dar. Mwaka 2018 wabunge wa kwetu wakapigania ushuru wa korosho zinazouzwa nje, serikali kuu ikauchukua vilevile. Sasa kura yangu inafanya nini?"

Sikumbishia papo hapo, maana uchungu wake ni wa haki. Na angeweza kuongeza 2019, pale vyama kadhaa vya upinzani vilipojitoa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa na wagombea wengi wakapita bila kupingwa. Mtu aliyeyaona hayo ukimwambia tu "kura ni haki yako", unamdharau.

Lakini gesi na ushuru viliamuliwa mbali. Shamba lako linaamuliwa na watu unaosalimiana nao kila asubuhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, ila haiwezi kumgawia mtu bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na mjumbe wa mkutano huo ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Halmashauri yenyewe haizidi watu 25. Kwenye kitongoji kidogo, ukoo mmoja ukijitokeza wote unamweka mwenyekiti.

Kijijini kwetu kulikuwa na pori ambalo sisi vijana tulilipigia hesabu ya kupanda mikorosho. Likagawiwa mtu wa mjini. Tulipokwenda kuuliza tukaonyeshwa muhtasari wa mkutano wa kijiji uliopitisha, wenye mahudhurio na saini za wazee wetu. Jina la kijana hata moja halimo. Wenzangu walikuwa mnadani, mimi nilikuwa Masasi natafuta pikipiki. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu mkorosho unakula miaka kadhaa kabla haujakulipa, na mwaka ulioupoteza haurudi. Viongozi walioitisha mkutano ule tuliwachagua sisi? Hapana. Hatukwenda kupiga kura.

Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2024 ulikuwa tarehe 27 Novemba, korosho zimepamba moto. Wengi walibaki maghalani. Wengine walikwenda na kadi ya mpiga kura mkononi wakarudishwa, kwa kuwa orodha ya serikali za mitaa ni nyingine na ile ya daftari la kudumu ni nyingine, na kujiandikisha kulifanyika Oktoba. Hili tungelielezana mapema vijiweni tungeokoa kura nyingi.

Kuna atakayesema mgombea alikuwa mmoja. Sawa, lakini mwaka ule mgombea wa peke yake alipigiwa ndiyo au hapana. Hapana yako nayo inahesabiwa.

Nawauliza mnaosema tususe: pori lililobaki kijijini kwenu, mkutano ujao atalisemea nani? Na kama kuna kijiji huko Tandahimba, Liwale au Nachingwea ambako vijana walijitokeza kwa wingi na bado wakazidiwa, tuelezeni ilikuwaje.