Nano-silika kwenye jiopolima ya slagi: mbona inakaza upesi halafu inapasuka?

BintiZege (Dar es Salaam)
Habari zenu wakuu. Niko kwenye utafiti wa uzamili, natengeneza vitofali vya pevingi kwa jiopolima, yaani kifungashio kisicho na saruji. Natumia slagi iliyosagwa, yale mavi ya chuma, imeagizwa kutoka India. Naichochea kwa kostiki soda na sodiamu silikati, vyote nimenunua Kariakoo kwa wauza malighafi za sabuni.

Bila nano-silika (silika ya chembe ndogo mno), mota, yaani mchanganyiko wangu, inanipa kama nusu saa ya kufanyia kazi. Nikiweka nano-silika ya unga, asilimia 3 ya uzito wa slagi, inakaza kabla sijajaza moldi ya pili. Kesho yake naona nyufa nyembamba kama nywele, na nikivunja kipande ndani kuna vidoti vyeupe. Nakosea wapi? Nina mfuko mmoja tu na bei yake imeniumiza.

MzeeMtungi
Mdogo wangu, hivyo vidoti ni nano-silika yenyewe, imejikusanya madonge. Ukiimwaga kavu kwenye mchanganyiko haitawanyiki. Itawanye kwanza kwenye sehemu ya maji yako kwa mashine ya kasi, au ya mawimbi ya sauti kama maabara yenu inayo.

Halafu kuna maji. Gramu moja ya unga ule yaweza kuwa na eneo la mita za mraba 200, kwa hiyo unga huo unayanywa maji ya mota.

Ila kosa kubwa nadhani liko kwenye hesabu. Nano-silika ni silika, na ndani ya kostiki sehemu yake inayeyuka, inakuwa kichocheo kama sodiamu silikati. Kwa kilo 1 ya slagi umeweka gramu 30. Sodiamu silikati yenye silika asilimia 30 ungehitaji gramu 100 kupata kiasi hicho! Umezidisha kichocheo bila kujua. Punguza sodiamu silikati, anza na asilimia 1.

FundiKigamboni
Dada, baada ya kufumua moldi unamwagilia?

BintiZege
Namwagilia asubuhi na jioni kaka, kama tofali za saruji. Mchana ziko wazi uani.

FundiKigamboni
Acha. Slagi ya namna hiyo inasinyaa kuliko saruji ikipoteza maji, na maji unayomwaga mapema yanatoa chumvi nje, utaona ukungu mweupe. Zifunge kwa nailoni kivulini. Na kostiki iyeyushe leo, utumie kesho ikishapoa. Unatia kostiki kwenye maji, usithubutu kumwaga maji juu ya kostiki. Vaa glavu na miwani, na barakoa kwa ule unga.

Juma_Nondo
Mavi ya viwanda vyetu vya nondo hayafai?

MzeeMtungi
Si yale yale. Viwanda vyetu vingi vinayeyusha vyuma chakavu. Slagi ya binti inatoka kwenye tanuri la mawe ya chuma, ikapozwa ghafla kwa maji ikabaki kama kioo. Ikipoa polepole inakuwa fuwele, kichocheo hakiipati.

BintiZege
Shikamoo mzee Mtungi, na ahsante kaka Fundi. Leo nimerudia kwa asilimia 1, nimeitawanya kwenye maji, sodiamu silikati nimeipunguza. Moldi zote sita zimejaa na mota bado laini! Nimezifunika kwa nailoni. Nitazivunja siku ya 28 kupima nguvu, namba nitazileta hapa hapa.