Waziri Mkuu akikalia kiti cha marehemu: uchaguzi mdogo Tuvalu, nani aitishe?

Nahodha Mstaafu
Wadau, Tuvalu ni nchi ya visiwa huko Pasifiki, watu kama elfu 11. Mwaka 2013 Bunge lao lilikuwa na viti 15 na vyama hakuna. Kila mtu anaingia kwa jina lake, kambi zinapangwa ndani kwa ndani. Desemba 2012 Waziri wa Fedha Lotoala Metia, mbunge wa Nukufetau, akafariki. Kwao notisi ya uchaguzi mdogo ilikuwa mikononi mwa Waziri Mkuu. Willy Telavi akapiga hesabu: akiitisha na kushindwa, wapinzani wanakuwa 8, yeye anabaki na 7. Akaikalia. Shauri likafika Mahakama Kuu, na Mei Jaji Mkuu Gordon Ward akasema Waziri Mkuu hana hiari ya kuamua kama uchaguzi uwepo au usiwepo. Wakapiga kura Juni 28, akashinda Elisala Pita wa upinzani.

Swali: mwenye maslahi ndiye aitishe? Mimi nasema apewe mwingine, na sheria imwekee siku.

Konda Msomi
Elfu 11? Mkuu, hiyo si nchi, watu hao hawajazi hata kata moja ya Mbagala. Mwenyekiti wa mtaa angeiongoza kwa simu ya kitochi.

Mwana wa Jibondo
Nyie wa bara mkisikia kisiwa mnasikia kichekesho. Sisi tuliozaliwa visiwani tunajua. Huko ukitoka Funafuti, kisiwa cha makao makuu, kwenda visiwa vya nje ni meli tu, ndege hakuna. Masanduku yapande meli, wasimamizi wapande meli, bahari ikichafuka mnasubiri. Msimhukumu Telavi mkiwa mmekaa kwenye daladala.

Nahodha Mstaafu
Ndugu yangu wa Jibondo, bahari naijua, lakini hapa meli haina kosa. Julai 2011 alifariki Isaia Italeli, mbunge wa Nui, waziri wa Telavi huyohuyo. Agosti uchaguzi ukafanyika, mjane wake Pelenike Isaia akashinda, serikali ikabaki na wingi wake wa mtu mmoja. Nui walifikiwa mara moja. Nukufetau miezi sita, tena kwa amri ya mahakama. Bahari ilipungua maji?

Konda Msomi
Subiri kwanza. Mume kafa Julai, mke bungeni Agosti? Huo si uchaguzi, hiyo ni arobaini yenye sanduku la kura 😂

Mama Tunu
Konda, ushaanza. Wanaume wangapi unawajua wamekalia viti vya baba zao? Hao hujawahi kuwapigia hesabu ya arobaini. Mwanamke akigombea, akapigiwa kura, akashinda wagombea wengine, kwako karithi. Huyo alikuwa mwanamke wa pili tu kuingia Bunge la Tuvalu tangu uhuru wa 1978. Wa pili!

Konda Msomi
Na wa kwanza ni nani mama? Naama Latasi, mke wa Kamuta Latasi, yule Waziri Mkuu. Mmoja mke, mwingine mjane. Nimemaliza.

Mama Tunu
Hujamaliza, umejikwaa. Naama aliingia 1989 kwa kura za Nanumea. Mumewe akawa Waziri Mkuu 1993. Sasa nani alimbeba nani?

Mchele Moja
Hapo Konda kaa kwa kutulia 🤣

Mwalimu wa Zamu
Mmeacha mnofu mnagombania mfupa. Baada ya Nukufetau, Waziri wa Afya Taom Tanukale alijiuzulu ubunge, kiti cha Nui kikawa wazi. Gavana Mkuu, yaani mwakilishi wa Malkia wa Uingereza huko, akaamuru Bunge likutane Julai 30. Wapinzani wakaja na watu wao wanane na hoja ya kutokuwa na imani, Spika akawaambia haiingii mpaka Nui wapige kura. Yaani uchaguzi mdogo uliokimbiwa miezi sita sasa ndio ukawa ngao! Ndiyo nauliza: hata kazi ya kuitisha ukimpa Tume, kama hapa kwetu Spika anavyoiarifu Tume nayo inatangaza, mtu akiachia kiti kwa makusudi ili mlango ufungwe utamzuiaje?

Konda Msomi
Spika huyo jina lake?

Mwalimu wa Zamu
Kamuta Latasi.

Konda Msomi
AHAA! Mume wa Naama! Niliwaambia hii ni nchi ya ukoo mmoja mkabisha.

Mama Tunu
Mwalimu, una swali zuri ila umempa huyu kuni.

Mchele Moja
Si ndiyo ile Malkia alimfukuza Waziri Mkuu? Nakumbuka ilitangazwa redioni.

Nahodha Mstaafu
Malkia hakumfukuza mtu. Telavi alitangaza Agosti 1 kwamba amemwandikia Malkia amwondoe Gavana Mkuu, Sir Iakoba Italeli. Siku hiyohiyo Italeli akamuondoa yeye, akamweka Enele Sopoaga akaimu, na siku chache baadaye Bunge likamchagua. Na kabla Konda hajauliza: ndiyo, huyo Iakoba ni ndugu wa marehemu Isaia.

Konda Msomi
Shemeji!!! Gavana ni shemeji wa mjane! Nipeni kiti nikae.

Mama Tunu
Kaa, na ukishakaa fikiri. Pelenike alikuwa upande wa Telavi. Shemeji yake ndiye aliyeiangusha serikali hiyo. Huo ukoo unaosema unagawiana mali, mbona umevunjiana nyumba?

Konda Msomi
Labda waligombana kwenye arobaini.

Mwana wa Jibondo
Mnacheka, mimi sicheki. Mtu anayekaa kwa niaba ya Malkia anamfukuza aliyechaguliwa na wananchi. Ukoloni huo. Sisi Tanganyika tuliachana na Gavana Mkuu Desemba 1962, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, tena tulichelewa.

Nahodha Mstaafu
Huyo "mtu wa Malkia" ni Mtuvalu, kwao Nui. Na Telavi ndiye aliyekuwa anasema Bunge si lazima likutane kabla ya Desemba kwa sababu katiba inataka kikao mara moja kwa mwaka. Angeachwa, mwenye wabunge 7 angetawala wenye 8 mpaka Krismasi. Wewe ungefanyaje?

Mwana wa Jibondo
Ningerudi kwa wananchi wote, si kwa mtu mwenye cheo cha Kiingereza. Na nikwambie mzee wangu, unaandika kama wakili wa Sopoaga.

Nahodha Mstaafu
Hata simjui, kijana.

Mama Tunu
Konda, usitoroke. Mwaka 2015 Pelenike hakurudi bungeni. Nui hiyohiyo ikamchagua mwanamke mwingine, Puakena Boreham, daktari wa usingizi. Haya, huyu naye alirithi kiti cha nani? Mtaje.

Konda Msomi
Mama, gari limejaa, napakia abiria. Uchaguzi wa 2024 wameingia wanawake wangapi?

Mama Tunu
Hakuna. Boreham mwenyewe kaanguka.

Konda Msomi
Kwa hiyo wajane wameisha.

Mama Tunu
Mkeo anajua unaandika hivi?