Hospitali za umma hazimpokei mgonjwa wa akili mpaka aletwe amefungwa kamba

Wakuu, poleni na majukumu. Nimekasirika na nitaandika hivyo hivyo, anayeona uzi ni mrefu apite kimya kimya.

Naomba mnijibu. Mgonjwa wa akili anayekwenda hospitali ya serikali kwa miguu yake, akiwa anajielewa, anatakiwa aanzie dirisha gani? Maana mimi na mdogo wangu tumeyapita yote.

Mdogo wangu alianza kusikia sauti akiwa chuo. Akarudishwa nyumbani, akatibiwa, akatulia, akawa anafundisha watoto wa mtaa hesabu jioni kwa buku buku. Mwaka huu, baada ya mfungo, akaanza kukosa usingizi. Akanifuata jikoni mwenyewe akaniambia, "Dada, twende mapema, naona inataka kunirudia." Mnaoishi na wagonjwa wa hivi mnajua uzito wa hayo maneno. Wengi wao ukiwaambia waende hospitali wanakuona adui. Huyu kaomba mwenyewe! Nikashukuru Mungu, nikabeba kadi ya CHF, bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii (tunayo, ile tuliyolipia 30,000 kwa kaya ya watu sita), tukaenda hospitali ya wilaya.

Daktari wa zamu alikuwa na simu mkononi. Akamtazama kijana, akamuuliza jina, leo ni siku gani, rais ni nani. Akajibu vyote. Daktari akanigeukia mimi: "Mbona huyu mzima? Anaongea vizuri tu. Mrudi Jumatano, ndiyo siku ya kliniki ya akili." Nikamwambia hajalala usiku na mchana, anasema redio inamtaja. Akasema ni mawazo, apumzike, asikae peke yake. Kwenye daftari akaandika dawa ya maumivu na vitamini. Vitamini!

Jumatano tukaenda. Chumba kimoja, muuguzi mmoja, benchi limejaa wagonjwa wa akili na wa kifafa pamoja. Huyo dada muuguzi simlaumu hata kidogo, nalisema wazi kabla watu hawajaanza kutukana wauguzi. Yeye ndiye anayeandika kadi, anapima presha, anasikiliza, anashauri, anatoka kwenda kufuatilia dawa, anarudi. Mlango wa chumba chake haufungi, kwa hiyo mdogo wangu aliulizwa kuhusu sauti anazosikia na kama amewahi kutaka kujidhuru huku mama mmoja na mwanawe wakisikiliza kutoka kwenye benchi. Unategemea mtu ajibu nini? Akasema yuko sawa. Nikamwona mkono wake unavyokata kata ile karatasi ya namba mpaka ikaisha.

Dawa aliandikiwa. Dirisha la dawa: "Haipo, mnunue nje." Siku ile sikuwa na pesa ya nje, ningeenda kesho yake. Kesho yake ndiyo akapanda, ugonjwa ukamlipuka.

Sitasimulia yote ya usiku ule, ni mdogo wangu na ana heshima yake. Itoshe kusema majirani walisaidia, mwenyekiti wa mtaa akaja, wakamfunga mikono kwa kamba ya kuanikia nguo na akapakiwa kwenye bajaji akiwa hana shati. Tulipofika, wakuu, tulipokelewa kama wafalme. Hakuna aliyeuliza kadi. Hakuna aliyesema Jumatano. Sindano ikapatikana, kitanda kikapatikana, na daktari akaja mbio. Mlinzi wa getini, ambaye alituona mara zote tulizokuja kwa utulivu, akaniambia kabisa: "Hapo sasa ndiyo mmeleta mgonjwa."

Hicho ndicho kinachonichoma. Kijana yule yule, ugonjwa ule ule, hospitali ile ile. Alipokuja kuomba msaada akaambiwa mzima. Alipokuja amefungwa, na alama za kamba kwenye mikono ambazo mpaka leo anazificha kwa shati la mikono mirefu, ndipo akatibiwa. Mfumo umetufundisha nini hapo? Kwamba tusubiri apande. Na kila akipanda kurudi kunakuwa kugumu zaidi, hilo hata wao kliniki wanatuambia.

Sasa kuna watu watakuja hapa na maneno ya sheria. Nimeisoma. Sheria ya Afya ya Akili ipo tangu 2008, na inamruhusu mgonjwa kuingia hospitali kwa hiari yake. Kwa hiari yake! Na kwenye uchangiaji wa huduma za afya, magonjwa ya akili yamewekwa kwenye kundi la msamaha, pamoja na kifua kikuu na ukoma. Kwenye karatasi tuko vizuri sana. Ila huo msamaha nao una safari yake: unatakiwa barua ya serikali ya mtaa, uende nayo ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitali, afisa yuko semina, rudi kesho. Ukishaupata unapeleka dirisha la dawa na unaambiwa nini? Haipo. Umesamehewa kulipia kitu ambacho hakipo.

Halafu kuna hili la dawa zinazotakiwa kwenda mbili pamoja. Wenye wagonjwa mnajua, ukipewa haloperidoli, ile dawa ya kutuliza sauti, unatakiwa upate na Artane, ya kuzuia madhara yake, maana bila hiyo baadhi ya watu mwili unakakamaa. Wodini walimpa vizuri. Siku ya kuruhusiwa ile ya kwanza ilikuwepo, ya pili haikuwepo, na hakuna aliyetueleza kwamba ni muhimu. Siku chache baadaye yuko sebuleni, shingo ikaanza kujivuta upande mmoja, macho yakapanda juu, ulimi ukatoka nje, anataka kuongea hawezi. Shangazi alikuwepo. Shangazi yangu nampenda lakini palepale alishaamua ni pepo, akaanza kukemea huku anampigia mchungaji. Kumbe ni dawa tu. Muuguzi wa kliniki alipopigiwa simu alielewa kabla sijamaliza kusimulia, akasema mkimbizeni kituo cha afya kilicho karibu, wamchome ya kulegeza. Nusu saa baadaye kijana anaomba chai.

Sasa mwambie shangazi kwamba hospitali ndiyo njia. Mwambie na mdogo wangu ameze tena. Anazitupa chooni, na siwezi kumlaumu. Tunalalamika kila siku kwamba watu wanapeleka wagonjwa kwa waganga na kwenye maombi. Mganga hamwambii mtu arudi Jumatano. Anampokea saa nane usiku, anamkalisha, anamuuliza jina la mama yake, anamsikiliza. Anamdanganya, sawa, na anamla pesa, lakini anamsikiliza. Serikali yenye dawa ya kweli inashindwa hata na hilo.

Tulipewa rufaa ya Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma. Sina neno na Mirembe, ipo tangu 1927 na ni ya taifa zima. Tatizo ni umbali. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, malazi ya msindikizaji, na kusafiri kwenye basi siku nzima na mtu anayeamini kondakta anamfuatilia. Na ukimwambia kijana wa leo "unapelekwa Mirembe" umeshamtukana, maana hapa mtaani hilo jina ni utani wa kumwita mtu kichaa. Kwa nini sindano ya mwezi (ile dawa ya akili inayochomwa mara moja kwa mwezi) isipatikane kwenye kituo cha afya cha kata? Chanjo za watoto zinafika. Dawa za kufubaza virusi zinafika mpaka zahanati za porini na mtu anafuatiliwa kwa jina akikosa kuja. Kwa hiyo tunaweza. Tumeamua tu kwamba huyu hana haraka.

Na kuna lingine ambalo watu hawalisemi. Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 217, bado inasema kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Majirani zetu Kenya, Mahakama Kuu yao ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha 226 kinakwenda kinyume na katiba. Sisi bado tunacho. Kufikiria siyo kosa, kosa ni kujaribu, lakini mgonjwa wodini hajui hiyo tofauti, anachojua ni kwamba kuna polisi. Ndiyo maana wanakaa kimya kwenye vile vyumba visivyofunga milango.

Bima ya afya kwa wote sheria ilipita 2023 na watu wanapiga makofi. Mimi nitapiga makofi dirisha la dawa likianza kutoa dawa.

NYONGEZA: Naona mshaanza. Anayesema "alivuta bangi huyo", hajavuta, na hata angekuwa amevuta bado ni mgonjwa. Anayesema nimpeleke binafsi, nitajie bei kwanza halafu nikwambie mshahara wangu. Anayeuliza kama nimepeleka malalamiko: nimepeleka kwa mganga mfawidhi wa hospitali, barua imepigwa muhuri, na kwenye sanduku la maoni pia. Sanduku lina kufuli limeshika kutu, sijui mara ya mwisho lilifunguliwa lini.

NYONGEZA 2: Msinitumie PM za mitishamba.

Ninachohitaji sasa hivi: kuna mwenye ndugu anayechomwa ile sindano ya mwezi hapa kanda ya ziwa, na anaipata duka gani kwa bei gani? Ya mdogo wangu inatakiwa wiki ijayo na kliniki wameshaniambia haijaja. Na kama kuna muuguzi wa afya ya akili humu anayejua utaratibu wa kuomba achomwe kwenye kituo cha afya cha kata badala ya wilayani, aniandikie hapa hapa hadharani, wengine nao wasome.