MREJESHO: Waya wa akiba kwenye swichi za mtandao za lodji, Moshi

Wakuu, nilileta shida hapa: waya mkuu ukikatika, ule wa akiba ulichukua sekunde 30 kushika, simu za mapokezi zinakata. Asanteni mno.

Nilihama STP ya zamani (utaratibu wa swichi kuzuia data isizunguke bila mwisho na kuweka waya wa akiba pembeni) kwenda RSTP, toleo lake la haraka. Kaka uliyesema nianze na kipaumbele (namba inayoamua swichi ipi iwe mzizi, yaani kiongozi wa kupanga njia; ndogo ndiyo hushinda), Mungu akubariki: swichi kuukuu ya jikoni ndiyo ilikuwa mzizi wa mtandao mzima! Nimeipa swichi kuu kipaumbele cha 4096 ili iwe mzizi. Jana usiku nikachomoa waya mkuu huku ping (jaribio la kutuma pakiti ndogo za data mfululizo) inakimbia, ikapotea pakiti moja tu, simu haikukata.

Jikoni bado. Swichi ile haijui RSTP, inasubiri sekunde 30 zilezile. Hiyo ni ya kubadilisha, hakuna mpangilio utakaoifundisha RSTP.