Halifax, Kanada: majengo gani ya kuangalia kwa jicho la fundi?

Kipimamaji

Habari za jioni wakuu. Mwezi ujao nitashuka Halifax, Nova Scotia, asubuhi, na meli inaondoka jioni. Nasomea ujenzi, kwa hiyo sihitaji orodha ya sehemu za kupigia picha. Nina maswali mawili. Kwanza, kanisa la mbao la mwaka 1750 limesimamaje mpaka leo kwenye mji wenye ukungu wa chumvi na baridi ya kugandisha? Pili, kwenye picha za katikati ya mji naona ghorofa moja refu na la jirani yake limekatwa ghafla, kana kwamba pesa ziliisha. Ni sheria au ni nini? Na kwa saa sita hivi, nianzie wapi?

BoritiNaNguzo

Karibu mkuu. Kanisa ni St. Paul's, lipo kwenye uwanja wa Grand Parade, na ndilo jengo kongwe kuliko yote mjini. Mbao za fremu zililetwa kutoka Boston na ibada ya kwanza ilifanyika Septemba 1750, mji ukiwa na mwaka mmoja tu. Ila usilitazame kama kitu kimoja cha 1750. Sehemu ya mbele na mnara ni za 1812, na mabawa ya pembeni yaliongezwa 1868.

Jengo la mbao linadumu kwa sababu limegawanyika. Fremu ya ndani ni ya kukaa, ganda la nje ni la kubadilishwa. Mbao za nje hulaliana, ya juu ikifunika ukingo wa ya chini, kwa hiyo maji hayapati njia ya kupanda. Zikichoka unang'oa chache na kupigilia mpya bila kugusa nguzo. Chumvi yenyewe haiozeshi mbao, maji yaliyokwama ndiyo yanaozesha. Kwa hiyo unapofika kwenye nyumba yoyote ya zamani mjini humo, angalia chini kwanza: boriti ya chini kabisa inayokaa juu ya msingi wa mawe. Udongo wa bustani ukipandishwa mpaka ukaigusa, au theluji ikirundikwa ukutani, hiyo ndiyo huoza kabla ya nyingine zote. Sehemu ya pili ni kizingiti cha chini cha dirisha. Rangi isiyopitisha hewa ikipakwa tabaka juu ya tabaka, unyevu unabaki ndani na rangi inainuka kama malengelenge.

Ukiingia St. Paul's, angalia ukuta wa ukumbi wa kuingilia. Kuna kipande cha fremu ya dirisha kilichojikita humo tangu mlipuko wa meli bandarini wa 6 Desemba 1917, na kimeachwa palepale.

Adui mkubwa wa mbao kule ni moto. St. George's, kanisa la mviringo lililoanza kujengwa 1800, liliungua Juni 1994. Kuba lilianguka na sehemu kubwa ikateketea, kisha likajengwa upya kwa mbinu za kiseremala za zamani. Kwa maoni yangu hilo lina mafunzo zaidi kwako kuliko St. Paul's, kwa sababu maungio ya fremu ya duara hayasamehe kipimo kibovu.

Ramani_za_Bandari

Nijibu la pili. Ni sheria. Juu ya kilima kuna ngome ya Citadel, na tangu 1974 mji unalinda mionzi kadhaa ya kuona kutoka ngomeni hadi bandarini na kisiwa cha George's. Fikiria pembetatu iliyolala: ncha yake iko kilimani, inapanuka na kushuka kuelekea majini. Jengo likiwa ndani ya mwonzi haliruhusiwi kuutoboa. Likiwa nje ya mstari, hata kwa hatua chache, linaweza kwenda juu kwa kanuni nyingine. Ndiyo maana majirani wawili hawalingani, na baadhi ya majengo yana kona iliyokatwa mshazari. Panda kilimani utaona nafasi zilizoachwa wazi. Ukiwa mtaani chini hutaelewa kitu.

Ngome yenyewe ni somo la maji nyuma ya ukuta. Hii unayoiona ni ya nne mahali hapo, imejengwa 1828 hadi 1856. Makadirio ya mwanzo yalikuwa miaka sita tu. Kuta za mwanzo za mawe ya kienyeji yasiyo na umbo zilianza kubomoka mapema. Maji yanaingia kwenye kifusi nyuma ya ukuta, yanaganda, na barafu inachukua nafasi zaidi ya maji kwa karibu asilimia 9. Ukuta unasukumwa kidogo kila majira ya baridi, na mwisho unalala. Dawa yake ni mawe yaliyochongwa vizuri, mota (mchanganyiko wa kuunganishia mawe) sahihi na, zaidi ya yote, njia ya kutolea maji. Na kejeli ni kwamba ilipokamilika, mizinga mipya yenye mifereji ndani ya mtutu ilikuwa njiani kuifanya ya kizamani.

Uwe juu kabla ya saa sita mchana, mzinga hupigwa kila siku isipokuwa Krismasi. Mteremkoni chini yake kuna mnara wa saa wa 1803, nao ni wa mbao.

Kipimamaji

Asanteni sana. Mota sahihi ni ipi? Chokaa au saruji?

BoritiNaNguzo

Chokaa, kwa mawe ya zamani. Saruji ngumu ikijazwa kwenye viungo vya ukuta wa jiwe la mchanga, unyevu unashindwa kutokea kwenye kiungo na unatokea kwenye jiwe. Ukiganda humo, uso wa jiwe unabanduka vipande. Mota inatakiwa iwe laini kuliko jiwe, ili yenyewe ndiyo iharibike na kujazwa upya. Waliokarabati nyumba za mawe ya matumbawe Mji Mkongwe wanaujua ugomvi huu, kasoro barafu tu. Kwa jiwe la mchanga angalia Province House, bunge la mkoa lililofunguliwa 1819, mawe yake yametoka Wallace, kaskazini mwa mkoa huohuo.

Ghorofa_ya_Pili

Wakuu mmesahau Hydrostone, mtaa wa nyumba kaskazini mwa mji, na mimi ningeuweka mbele ya ngome. Mwaka 1917 meli ya vilipuzi Mont-Blanc iligongana na meli nyingine, Imo, kwenye mlango mwembamba wa bandari, ikawaka, ikalipuka. Karibu watu 2,000 walikufa. Nyumba za mbao za kaskazini zilianguka juu ya majiko yaliyokuwa yanawaka, na moto ukamalizia kazi. Kwa hiyo mtaa mpya ulijengwa kwa tofali za zege, chini ya mpango wa Thomas Adams na michoro ya George Ross. Ni zaidi ya nyumba 300, nyingi zimeungana kwa safu.

Usitazame tofali tu, tazama mpangilio. Mbele kuna ukanda mpana wa majani na miti, nyuma kuna kichochoro cha mizigo, makaa na taka. Uchafu wote wa huduma umepelekwa nyuma, ndiyo maana mbele pametulia mpaka leo. Kasoro yake ni kwamba zege ni baridi: ukuta usiowekewa kizuia joto ndani hutoa jasho na ukungu mweusi kwenye kona.

Ramani_za_Bandari

Sawa, ila Hydrostone ni mbali kwa miguu kutoka gatini, panda basi. Mpango wangu: anza Pier 21 palepale unaposhukia, banda la wahamiaji lililotumika 1928 hadi 1971, sasa ni jumba la makumbusho. Fuata njia ya mbao ya ufukweni hadi Province House, panda Grand Parade, kisha ngome kwa mzinga wa mchana. Baada ya hapo chukua basi kwenda kaskazini.

Muda ukibaki huko kaskazini, nenda Africville. Kilikuwa kijiji cha Weusi. Mji ulikibomoa miaka ya 1960, na kanisa lao likaangushwa 1967. Lililopo sasa ni nakala, makumbusho tangu 2012.

Ukirudi, kwenye daraja la Macdonald kuna njia ya waenda kwa miguu. Daraja ni la 1955, ila sakafu yake ilibadilishwa kipande kwa kipande kati ya 2015 na 2017: usiku au wikendi wanakata kipande cha zamani, wanakishusha, wanapandisha kipya, kisha magari yanapita tena. Kazi hiyohiyo iliinua daraja kwa takriban mita 2 ili meli kubwa zipite chini. Likifungwa kwa upepo usilazimishe, feri ya kwenda Dartmouth, ng'ambo ya bandari, inakupa mandhari ileile ya mji ukiwa majini.