Magnesiamu: oksaidi, sitreti au glisineti? Nanunua kesho

Tulizana: Wakuu, habari za jioni. Nimeona chupa tatu za magnesiamu. Oksaidi, kidonge miligramu 400. Sitreti, 100. Glisineti, 100 pia, ila ndiyo ghali kuliko zote. Shida ni misuli ya shavu la mguu kukaza usiku na usingizi kukatika. Nichukue ipi?

Kipanga: Umri? Dawa nyingine zinazotumika? Figo zikoje? Bila hayo tunapiga ramli.

BintiSaidi: Glisineti, sibadilishi. Nameza kabla ya kulala na tumbo linatulia. Sitreti inavuta maji kwenye utumbo, inamfaa mwenye choo kigumu.

Mpima Mizani: Mkuu, hiyo 400 isikuvutie. Oksaidi ina magnesiamu nyingi kwa uzito, kama asilimia 60, lakini haiyeyuki vizuri, nyingi inapita tu. Sitreti ina kama asilimia 16 ila mwili unaipokea vizuri zaidi. Soma lebo: 100 ni magnesiamu yenyewe au uzito wa chumvi nzima, yaani magnesiamu pamoja na kilichoungana nayo? Halafu kikomo cha magnesiamu ya vidonge, mbali na ya chakula, kwa mtu mzima ni miligramu 350 kwa siku Marekani, Ulaya 250. Hiyo ya kwanza, kama 400 ni magnesiamu yenyewe, imeshavuka kote.

Jembe Halimtupi: Kwa nini mnaanzia kwenye chupa? Gramu 30 za mbegu za maboga zilizokaangwa zina kama miligramu 150, na mwanamke mzima anahitaji 310 hadi 320 kwa siku, mwanamume 400 hadi 420. Kuna maharage, karanga, mboga za majani. Nafaka ikikobolewa, sehemu kubwa ya magnesiamu inaondoka na pumba.

BintiSaidi: Navila vyote hivyo na bado nilikuwa silali. Si kila anayemeza kidonge amepuuza chakula.

Jembe Halimtupi: Sijasema hivyo dada. Ulipima damu?

BintiSaidi: Nilipima, ikasoma sawa.

Mpima Mizani: Kipimo hicho kinaona kidogo. Mwilini mna kama gramu 25, zaidi ya nusu iko mifupani, kwenye majimaji ya damu haifiki hata asilimia 1. Damu inaweza kusoma sawa na akiba imepungua.

Asali Mbichi: Naomba niseme yaliyonipata. Niliandikiwa siprofloksasini kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Asubuhi nikawa nameza vyote kwa pamoja, antibaiotiki na magnesiamu yangu, glasi moja ya maji. Siku ya nne bado mkojo unachoma, homa imepanda, mgongo unauma. Nikarudi, nikaandikiwa dawa nyingine, wiki nzima kitandani. Daktari wa pili ndiye aliyeniuliza nameza nini kingine. Akanieleza kwamba magnesiamu inaishika ile dawa tumboni, haiingii kwenye damu. Ilitakiwa nimeze antibaiotiki angalau saa 2 kabla, au saa 6 baada ya magnesiamu. Hakuna aliyeniambia mwanzoni, na mimi sikudhani kirutubisho ni cha kutajwa. Jamani, kitajeni.

Tulizana: Pole sana dada. Nilisahau kusema, vidonge ni vya mama. Ana miaka 71, ana presha, anatumia dawa ya kukojosha, na omeprazoli, ile ya kupunguza asidi tumboni, mwaka wa tatu sasa. Figo hajapima.

Kipanga: Ndugu yangu, hayo ndiyo ya kuanza nayo! Dawa hizo mbili, kwa muda mrefu, zinaweza kushusha magnesiamu; kuhusu kundi la omeprazoli FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa onyo mwaka 2011. Kwa hiyo huenda kweli imepungua. Ila figo zikiwa dhaifu ziada haitoki: presha inashuka mno, misuli inalegea, moyo unapoteza mpigo wake. Usinunue. Apimwe kreatinini (inaonyesha hali ya figo), potasiamu na magnesiamu kwanza, na omeprazoli asiache bila kumwuliza daktari.

Mpima Mizani: Na kwa misuli ya wazee kukaza, mapitio ya tafiti ya 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, hayakuona nafuu ya maana kutokana na magnesiamu.

BintiSaidi: Mimi ilinisaidia usingizi, hilo siwezi kulikana.

Tulizana: Nimeongea naye, amekubali kupima Jumatatu. Akiwa na figo nzima, bado ni glisineti?

Jembe Halimtupi: Mbegu za maboga.

Asali Mbichi: Na ile ya kupaka kwenye ngozi, kuna aliyeijaribu?